Fundi Aliyeandika Pato la Taifa

Kila mwaka, siku za bajeti zikikaribia, mhudumu wa ofisi ya takwimu alivuka barabara kwenda kumwita fundi Brashi. Hakuwa na maneno mengi. Alisimama mlangoni mwa kibanda, akagonga ubao kwa funguo zake, akasema, "Imetoka." Fundi alielewa. Serikali ilikuwa imemaliza kuhesabu, tarakimu mpya ilikuwa tayari, na ngazi yake ndefu ilikuwa imepata kazi ya asubuhi moja.

Tarakimu hizo ziliandikwa kwenye bango kubwa la bati mbele ya jengo la wizara, pale barabara mbili zinapokutana na magari hayana budi kupunguza mwendo. Juu yake palikuwa na maneno mekundu ambayo hayakuguswa tangu bango liliposimamishwa: PATO LA TAIFA KWA KILA MTU. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba hesabu ni ya mwaka mmoja na ni kwa dola. Katikati zilikaa tarakimu tatu nyeusi, kila moja na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Kazi ya Brashi ilikuwa hizo tatu tu.

Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya brashi nyembamba aliyoichomeka nyuma ya sikio, mahali ambapo maseremala huweka penseli, na ambayo hakukumbuka kuitoa hata msibani. Alikuwa ameandika nusu ya mji: saluni, bucha, maduka ya dawa, na mageti ya watu waliotaka waandikiwe mbwa mkali ilhali hawakuwa hata na paka. Lakini bango la wizara lilikuwa kazi yake pekee ya serikali, na aliichukulia kama wengine wanavyochukulia cheo. Siku hiyo alivaa shati la kola.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ile. Hakukwangua rangi ya zamani. Ofisi ililipia tarakimu, haikulipia kukwangua, kwa hiyo alipitisha rangi nyeupe juu ya mwaka uliopita, akaenda kunywa chai, akarudi kuandika mwaka mpya. Miaka ilivyozidi kwenda, rangi ikajaa tabaka juu ya tabaka. Ukisimama ubavuni jua likiwa bado chini, uliona kingo za zamani zimetuna: mbili imejikunja ndani ya nne, sifuri imekaa ndani ya sifuri, saba imelala chini ya tisa kama mtu chini ya shuka. Brashi aliweza kuzisoma kwa vidole.

Mara ya kwanza alipoitwa alikuwa kapera, na tarakimu ilikuwa mia mbili na kumi. Mwaka aliooa ilikuwa mia tatu na arobaini. Baada ya hapo bei ya mazao ilianguka huko ng'ambo, viwanda viwili vikafungwa, na mhudumu hakuvuka barabara. Walipokutana sokoni alimsalimia fundi huku akitazama viatu vyake mwenyewe. Mwaka uliofuata pia hakuvuka. Mia tatu na arobaini ilibaki pale juu, ikipauka kwa jua, muda mrefu baada ya kuacha kuwa kweli. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna ya ofisi kuandika tarakimu iliyoshuka: kutoiandika. Mji mzima ulilijua hilo, na mafundi walitaniana kwamba hali ya nchi utaijua kwa kutazama kama Brashi amevaa shati la kola.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba waliyopanga, vyumba viwili na jiko la nje, na kwa kuwa cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, watu walijua yupo kabla hawajamwona. Brashi aliporudi kutoka wizarani na weusi kwenye kucha, mke alikuwa na swali lake la kila mwaka.

"Ngapi safari hii?"

Fundi alimtajia. Mke aliacha kukanyaga, akanyoosha kiganja. "Haya, nipe changu."

"Kiko kwa mhasibu."

"Basi kuna mtu anatembea na changu na chako na cha mtoto. Ukimwona mtu anapita amepinda upande mmoja kwa uzito wa mfuko, msalimie vizuri. Ndiye huyo."

Utani ulikuwa uleule, na waliucheka kila mwaka kama kitu kipya. Binti yao alikua akiusikia, akaolewa mbali, na alipopiga simu siku hizo aliuliza naye kama cha kwake kimepatikana.

Kisha mke akapatwa na sukari. Alianza kwa kiu, akakonda, akaanguka juu ya kitambaa cha sare akiwa anakata. Kliniki ilimweka kwenye mpango wa wafadhili wa nje, na kila mwezi muuguzi alimpa chupa zake za dawa na mabomba ya sindano bila malipo. Hawakuwa na jokofu. Brashi alitumbukiza chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga katikati, na kila asubuhi kabla ya kwenda kibandani aliumwagia mchanga ule maji ili dawa ikae baridi. Mke alijichoma mwenyewe, pajani, akiwa ameketi mbele ya cherehani. Miaka ikapita hivyo. Sukari ikawa kama mpangaji mkorofi ambaye mmekwisha kumzoea: yupo, anajulikana, lakini havunji vyombo.

Mambo yalianza kubadilika alasiri moja ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Msichana mwenye kizibao cha ofisi ya takwimu alifika kibarazani, kishikwambi mkononi, akasema wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanafanya kazi gani na wanapata nini. Alikuwa na adabu, na alikuwa amechoka. Wangemaliza haraka, isipokuwa kwamba kwenye benchi alikuwa ameketi shemeji.

Shemeji huyo, kaka mkubwa wa mke, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mji ulimwita Saruji. Alikuwa amekuja kupunguziwa suruali. Tangu harusi alikuwa na usemi wake mmoja, na aliutoa popote palipokuwa na watu wa kucheka: kwamba dada yake hakuolewa na mwanamume, ameolewa na ngazi. Brashi alicheka pamoja na wengine kwa miaka yote hiyo. Hakuna aliyemwuliza kama unamchekesha.

Msichana aliuliza fundi anaandika mabango mangapi na anaingiza kiasi gani kwa mwezi. Brashi alitupa jicho kwenye benchi. Saruji alikuwa amefunua gazeti, lakini macho hayakuwa yakitembea.

Basi fundi akachukua mwezi wake bora kuliko yote, mwezi mmoja wa kabla ya uchaguzi ambapo kila mgombea alitaka sura yake ukutani, akausema kana kwamba miezi yote huwa hivyo. Alipoona msichana anaandika bila kushangaa, akaongeza. Alisema ana mafundi wanane chini yake. Alisema anapiga rangi magari. Msichana alipogeuka kwa mke na kuuliza kuhusu ushonaji, na mke akaanza kusema kwamba kazi huja shule zinapofunguliwa tu, mume alimkatiza akasema mke wangu hajui kujisifu, huyu hapati usingizi kwa wingi wa oda. Cherehani ilikuwa imenyamaza kabisa. Saruji alifungua ukurasa.

Msichana alishukuru. Aliwahakikishia kwamba waliyoyasema ni siri kati yao na ofisi, akamuaga kila mtu, Saruji akiwemo.

Jioni, mke aliweka chakula mezani, akasimama na upawa mkononi. "Hao mafundi wako wanane wanafika saa ngapi? Maana leo nimepika cha watu wawili."

Fundi alisema alitaka tu Saruji asikie, mara moja. Mke alimtazama kidogo. Akasema amesikia, hata waliokuwa barabarani wamesikia. Wakacheka, wakala.

Mwaka uliofuata mhudumu hakuvuka barabara, alikimbia. "Imetoka," alisema, akivuta pumzi, "na haienei."

Tarakimu zilikuwa nne. Elfu moja mia moja na themanini. Mwaka mmoja tu nyuma Brashi alikuwa ameandika mia saba na ushei, na katika mwaka huo hakuna alichokiona kikibadilika: mashimo ya barabara yalikuwa yaleyale na wateja wake walilipa kwa kuchelewa vilevile. Lakini kazi ni kazi. Bango lilipigiliwa kipande cha bati ubavuni, cheupe cha namna tofauti kidogo, na fundi akaiandika ile moja peke yake huko pembeni, kama mgeni aliyepewa kiti cha kuazima.

Safari hiyo palikuwa na sherehe. Mheshimiwa waziri alivuta pazia, akasema kwamba nchi imevuka mstari, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa nje mwenye haki ya kuwaita maskini. Mke wa Brashi alikuja na gauni aliloshona mwenyewe, akapata kiti cha plastiki safu ya nyuma, ng'ambo ya barabara. Wakati huo macho yake yalikuwa mazima, na aliisoma tarakimu kutoka kule kwa sauti, moja baada ya nyingine.

"Changu kimenenepa, mume wangu," alimwambia fundi alipoteremka ngazini. "Yule mtu sasa hawezi kutembea kwa miguu. Lazima awe amepata gari."

Alipokwenda kliniki mwezi ule, muuguzi hakunyanyuka kwenda kwenye jokofu. Alimwomba aketi. Akamweleza kwamba mpango umefungwa. Wafadhili walikuwa wakisaidia nchi zilizo chini ya mstari, na sasa nchi imevuka, kwa hiyo dawa itakuwa inanunuliwa kwenye maduka kama dawa nyingine.

"Imevuka kwenda wapi?" mke aliuliza.

"Mama yangu, hata mimi sijui," alisema muuguzi. "Tumeambiwa tu imevuka."

Duka la dawa lilikuwa mkabala na kliniki, na maandishi yake yalikuwa kazi ya Brashi. Dawa ilikuwepo, kwenye jokofu lenye mlango wa kioo, inang'aa. Bei yake ya mwezi ilimeza kodi ya nyumba na chakula, ikabaki na njaa.

Brashi alivaa shati la kola bila kuitwa, akaenda wizarani. Alimjua mama mmoja mkuu wa kitengo, ambaye ndiye aliyekuwa akimkabidhi tarakimu kila mwaka na kumwagizia chai. Mama huyo alimkaribisha ofisini, akafunga mlango. Fundi alisema hakuja kulalamika, alitaka kuuliza tu kama hesabu haiwezi kutazamwa tena. Akaeleza habari ya mkewe.

Mama hakumcheka wala hakumfukuza. Alimweleza kwa utulivu, kama anayeeleza ugonjwa. Zamani, alisema, walihesabu viwanda, mashamba makubwa, benki na maofisi. Watu wa vibanda, wa vibarazani, wa mikokoteni, walikisiwa kwa mbali tu, na mafungu mazima yao yaliachwa nje. Sasa wamekwenda mlango kwa mlango, wamewaingiza, na ndiyo sababu tarakimu imeruka. Hakuna aliyeiba wala kupika chochote.

"Umekuwa ukiandika pato la taifa miaka yote hii, fundi, na wewe mwenyewe hukuwemo," alisema. "Safari hii umo. Wewe na mkeo."

Fundi alizungusha kifungo cha shati lake vidoleni. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, je, ikiwa mtu alisema zaidi ya anachopata?

"Hao ni wachache sana. Watu wanaogopa kodi, wanaficha. Ndiyo maana tukishapata majibu yao huwa tunaongeza kidogo juu."

"Mnaongeza."

"Kidogo. Kitaalamu. Na mmoja akidanganya haharibu kitu, fundi, usiwe na wasiwasi na hilo."

Aliposhuka ngazi za wizara alikuwa amepewa kila alichokiomba kujua. Uongo wake haukuwa umeivusha nchi mstari. Ulikuwa mdogo mno hata kwa hilo. Alijaribu kuona nafuu, akaikosa.

Walianza kwa kuuza redio, kisha kitanda cha binti. Vilipokwisha, Brashi alikwenda dukani kwa Saruji. Alisubiri wateja wapungue, na kwa mara ya kwanza watu walimwona ametoa brashi sikioni, ameishika kwa mikono miwili kama kofia. Aliomba msaada wa dawa. Alisema si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya dada yako, shemeji.

Saruji alipangusa vumbi la saruji juu ya kaunta kwa kiganja, taratibu, mpaka mwisho wa ubao.

"Mimi nilikuwepo siku ile, shemeji," alisema. "Hakuna aliyenisimulia. Mtu mwenye mafundi wanane anakuja kuomba kwa mwenye duka moja?"

"Nilisema uongo."

"Siku ile au leo? Nichague upi?"

Wapakiaji wawili waliokuwa wameegemea mifuko walitazama chini. Brashi alisema alidanganya siku ile, kwa sababu yeye Saruji alikuwa ameketi pale. Hapakuwa na namna ya kulieleza hilo zaidi bila kulia, na hakuja kulia.

Pengine Saruji alimwamini. Hakuwa mtu katili, alikuwa mtu aliyependa kushinda. Lakini kwa miezi mingi alikuwa amewasimulia watu kwamba yule ngazi kumbe ana hela na anamficha dada yake, na hadithi ile aliipenda. Alisema hatoi hela ya bure kwa mwenye kampuni. Kama fundi anataka, aandike upya ukuta wote wa duka, mbele na ubavuni, naye atamnunulia dada yake chupa.

Fundi aliandika ukuta wote. Aliandika saruji, nondo, misumari, mabati, rangi za aina zote. Saruji alitimiza neno lake, akanunua chupa moja.

Mke aliigawa. Alikuwa mkataji kitambaa, alijua kufanya kipande kidogo kitoshe, na alijichoma nusu mahali pa nzima. Hakumlaumu mume. Mara moja tu, akiwa anatazama chupa kwenye mwanga kuona imebaki kiasi gani, alisema, "Wale mafundi wako wanane wangetufaa sasa." Alisema bila kucheka, na Brashi alitoka nje akamwagia maji mchanga wa chungu ambao tayari ulikuwa umelowa.

Sukari haikukubali nusu. Miguu ilianza kufa ganzi, akawa hajui kama anakanyaga cherehani au sakafu. Kisha macho. Mwanzoni alisema ni uzi, siku hizi uzi unatengenezwa hovyo. Jirani yake akawa anamtungia sindano kadhaa asubuhi na kuzichomeka kwenye mto mdogo, naye anashona mpaka ziishe. Halafu mteja akarudisha sare iliyoshonwa mkono mmoja ndani nje. Mke aliipokea, akaomba radhi, na siku hiyohiyo akaifunika cherehani kwa kitambaa. Mtaa ukawa kimya upande ule. Watu walipita kibarazani wakidhani hayupo, kumbe ameketi palepale.

Mhudumu akavuka tena. "Imetoka." Ilikuwa elfu moja mia mbili na sitini. Brashi alipitisha nyeupe juu ya mwaka uliopita, akakaa bila kunywa chai mpaka ikauke, akaandika. Malipo yake yaliingia moja kwa moja kwenye lile duka la jokofu la kioo. Aliporudi nyumbani na weusi kwenye kucha, mke hakuuliza ngapi. Hakuwa ameziona kucha.

Wiki chache baadaye Brashi alimpeleka mkewe hospitali kupimwa macho. Walitoka nyumbani jua likichomoza ili wawahi foleni, wakitembea polepole, mke ameshika kiwiko chake. Njia ilipita wizarani. Kwenye makutano mke alisimama kusikiliza magari.

"Tuko penye bango?"

"Liko mbele yako."

Alinyanyua uso. Alisema anaona weupe tu, kama shuka limeanikwa. Kisha, kwa sauti ambayo fundi hakuwa ameisikia tangu kabla ya sherehe, akauliza, "Ngapi safari hii?"

Brashi alitazama juu. Jua lilikuwa bado chini, likipiga bango ubavuni, na miaka yote ilikuwa imetuna. Chini ya weusi mpya aliiona tatu aliyoiandika akiwa na mikono ya kijana, aliiona nne, akaiona sifuri. Aliona mwaka walioingia kwenye vile vyumba viwili, mke akikokota cherehani mlangoni na kukataa kusaidiwa. Alitaka kumrudishia huo, asubuhi moja tu, na labda anyooshe kiganja kama zamani.

"Mia tatu na arobaini," alisema.

Mke aliendelea kutazama juu. Kiganja hakikunyooka. Vidole vyake viliibana kiwiko cha fundi.

"Imeshuka kiasi hicho?"

"Imeshuka."

"Na wamekubali kuiandika."

"Wameiandika."

Alivuta pumzi ndefu, na uso wake, ule uliokuwa ukiangalia weupe, ukafunguka wote.

"Basi wale watu wa dawa watarudi," alisema. "Twende kliniki kwanza, mume wangu. Macho yatasubiri."